Uji wa Saa Nne

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa na mvua. Nilitoka nyumbani na viatu vyeusi, nikafika shuleni na viatu vyekundu. Barua ya uhamisho ilinitoa Same, ambako tukiona wingu tunaitana kulitazama, ikanileta Matogoro, ambako vilima vyenyewe sijaviona tangu Krismasi kwa ukungu. Wenyeji wananiambia nitulie, itakuwa hivi hivi mpaka Aprili.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Hironimus, ni Mngoni mtu mzima, mpole kupita kiasi, na ana neno moja analotatulia kila shida: "Tutaona." Choo cha wasichana kimetitia, tutaona. Darasa la tatu linavuja, tutaona. Leo kwenye kikao cha kugawana majukumu alinitazama juu ya miwani akasema, "Mwalimu Tumsifu, wewe nakuona una sauti. Utashika chakula na afya ya wanafunzi." Wenzangu wote wakashusha pumzi, na hakuna aliyenieleza kwa nini.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekagua stoo. Kuna magunia mawili ya mahindi, na moja limeshaingiliwa na wadudu. Wazazi walikubaliana mwaka jana kwamba kila mtoto alete debe la mahindi kwa muhula, yapelekwe mashineni, watoto wanywe uji saa nne. Makubaliano mazuri kabisa. Shida ni kwamba walioleta ni wachache na wanaokunywa ni wote.

Nilimuuliza Brigita, mpishi, anagawaje.

"Anayekuja na kikombe napakua, mwalimu. Mi nitajuaje nani kaleta, nani hajaleta? Wote wana njaa."

Nikamwambia hapa si jikoni kwake. Akacheka, tena kicheko cha nguvu, na mwiko mkononi. Bado hajanijua.

Ijumaa, 17 Januari

Mvua. Mtoto wa darasa la pili amesinzia kwenye dawati mpaka akaanguka.

Jumatatu, 20 Januari

Utaratibu mpya umeanza. Walioleta mchango wanapanga mstari upande wa jiko, wasioleta wanakaa kwenye uzio mpaka wenzao wamalize. Mwalimu mmoja akanong'ona kwamba huo ni ukatili. Nikamuuliza kwa sauti kama yeye ana mahindi ya kujaza stoo. Alikumbuka ghafla ana kipindi.

Mwalimu Hironimus akaniita ofisini. "Mwalimu, huu ni mwezi wa njaa. Ya mwaka jana watu wamemaliza, mapya bado yako shambani. Legeza kidogo."

"Mkuu, nikilegeza sasa, Machi tutakuwa tunawapikia maji ya moto."

Alifikiri sana. "Basi, tutaona."

Nimelichukua kama ndiyo. Lakini mimi si jiwe. Nimetangaza mstarini kwamba asiyeweza debe zima alete kopo moja la mahindi kila Jumatatu. Kopo moja, nani atashindwa?

Jumatano, 22 Januari

Uzioni wamebaki wachache. Leo nimepita kuwauliza mmoja mmoja. Kuna Asma binti Hamisi wa darasa la tano, mrefu, mkimya, ambaye kwenye hisabati yangu hakuna anayemfikia. Pembeni yake mdogo wake, Abdulhamid, darasa la kwanza, kavaa sweta la dada yake linalomfika magotini. Alikuwa anahesabu nguzo za uzio kwa kidole na akifika kumi anaanza upya.

"Baba na mama wapo?"

"Wako Nalasi, mwalimu. Shambani."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomaliza kupanda hapa."

"Na nyie mnakaa na nani?"

Akamtazama mdogo wake kwanza. "Na bibi."

Nimeambiwa ofisini kwamba ndivyo wanavyofanya huku. Watu wana kishamba hapa na shamba kubwa mbali, kwa hawa ni kule Tunduru kwenye mikorosho ya ukoo. Mvua ikishika wanahamia huko na kuwaachia watoto wa shule chakula ndani. Wenyewe wanaita kwenda kulima. Sisi kwetu tungeita kutelekeza watoto, na nimesema hivyo hivyo ofisini, wala sikupunguza neno.

Jumatatu, 27 Januari

Leo nimeiokoa shule nzima na sitaona haya kujisifu kwenye daftari langu mwenyewe.

Nilikaa mlangoni mwa stoo kupokea makopo. Asma akaleta lake. Nilipomimina nikaona mahindi yana wekundu wekundu, hasa pale kwenye kichwa cha punje. Ni mbegu za dukani, zile zinazopakwa dawa ili wadudu wasizile ardhini. Alikuwa ameziosha. Mtu mwingine asingegundua, zingeingia kwenye gunia, zikasagwa, na saa nne tungekuwa tunazungumza mengine.

Nikamwita mbele ya wote. "Asma, hizi ni mbegu. Zina dawa. Unataka kutuua? Shule nzima hii, mimi nikiwemo?"

Watoto wakacheka. Yeye akainamisha kichwa.

"Chukua, rudi nazo kwenu. Kesho ulete mahindi meupe, ya kula. La sivyo wewe na mdogo wako uzioni mpaka muhula uishe."

Alipokea kopo kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Nidhamu anayo, hilo sikatai. Nikamwita Brigita nikamwonyesha jinsi ya kuzitambua. Safari hii hakucheka.

Jumanne, 28 Januari

Asma ameleta kopo la mahindi meupe, yamepetwa vizuri, hayana hata pumba. Nikawaambia wote wampigie makofi. "Mnaona? Mwenzenu kaambiwa, kasikia." Yeye na Abdulhamid wamekunywa uji. Mdogo alilamba kikombe mpaka pua ikaingia ndani.

Jumatatu, 3 Februari

Makopo yamekuja mengi. Asma kaleta la kwake, meupe vile vile. Nyumba yangu inavuja juu ya kitanda. Nimehamisha kitanda, uvujaji nao umehama.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua kutwa. Nimefundisha sehemu kwa kupiga kelele kwa sababu ya bati.

Jumatatu, 10 Februari

Stoo ina magunia manne. Mwalimu Hironimus amekuja kuyatazama, mikono nyuma, akasema, "Kweli una sauti." Sijui kama alikuwa anasifu. Nimeamua alikuwa anasifu.

Jumatano, 12 Februari

Nimemkamata Brigita. Nilizunguka nyuma ya jiko nikamkuta anawakwangulia watoto wa uzioni ukoko wa sufuria, wamemzunguka kama vifaranga. Nikamwambia anaharibu kazi yangu yote, kwamba wazazi wakisikia uji unapatikana bure hakuna atakayeleta tena.

"Mwalimu, ukoko huu ningempa nguruwe."

"Basi mpe nguruwe."

Aliweka sufuria chini. "Wewe dada una watoto?"

Sina, na anajua sina. Nikaondoka kabla sijasema la kufukuzisha mtu kazi. Jioni nilimweleza mwalimu mkuu. Akasema tutaona.

Ijumaa, 14 Februari

Abdulhamid ametapika darasani. Nimempa maji yenye sukari na chumvi, akalala ofisini juu ya benchi, akaamka anacheka. Minyoo hiyo. Nimeandika jina lake kwa ajili ya siku watakapoleta dawa.

Jumatatu, 17 Februari

Asma amekuja na kopo nusu. Nikamwambia nusu ni nusu, nikiruhusu mmoja nitaruhusu wote. Kwa nusu atakunywa mmoja kati yao, wachague wenyewe.

"Anywe Abdulhamid," akasema. "Mimi nimefunga."

"Umefunga? Ramadhani bado."

"Nimefunga tu, mwalimu. Sunna."

Nimeguswa. Mtoto wa miaka kumi na moja, wazazi hawapo, anafunga kwa hiari yake. Hapo wamemlea vizuri, lazima niseme. Nilimsimulia mwalimu wa dini, akanijibu kwamba watoto wa namna hiyo siku hizi ni wachache.

Alhamisi, 20 Februari

Asma bado anafunga. Midomo imempasuka. Nilimwambia baada ya vipindi nitapita kwao nimsalimie bibi yake. Akasema bibi amesafiri. Nikasema basi nitapita hivyo hivyo nione mnakaaje. Saa tisa mvua ikashuka ya kuziba macho, nikasema nitakwenda kesho.

Ijumaa, 21 Februari

Sikwenda. Kulikuwa na kikao cha mitihani, kimekwisha giza linaingia.

Jumatatu, 24 Februari

Asma hayupo, Abdulhamid hayupo. Kopo pia halijaja. Nimejikuta nimekasirika, kana kwamba kanivunjia ahadi.

Jumanne, 25 Februari

Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Ilikuwa saa nne, tunagawa uji. Nilisimama kwenye kichwa cha mstari kama kawaida yangu. Brigita ndiye aliyeona kwanza, akaacha mwiko ndani ya sufuria na kukimbia kwenda getini. Asma alikuwa anapanda mteremko kambeba mdogo wake mgongoni, kamfunga kwa khanga, wote wameloa. Hakuja akilia. Alinijia mimi moja kwa moja, akawapita watoto wote, akasema, "Shikamoo mwalimu. Abdulhamid haamki vizuri."

Nilimtoa mgongoni. Mate yalikuwa yanamtoka mfululizo, nyama za mashavu na mikono zinarukaruka zenyewe, macho wazi lakini hayanioni. Alikuwa mwepesi. Nimebeba madaftari mazito kuliko yeye. Mwalimu Hironimus alisimamisha bodaboda barabarani kwa kujiweka katikati, nikapanda na mtoto kifuani na Asma nyuma yangu, tukashuka mjini kwenye matope yale yule kijana akiomba Mungu kwa sauti.

Hospitali walimpokea haraka, siwezi kulaumu mtu. Daktari kijana, Osmund, alimtazama macho mara moja tu, kisha akamgeukia Asma.

"Amekula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Ugali na chumvi."

"Unga mlinunua wapi?"

"Hatukununua. Nilitwanga."

"Ulitwanga mahindi gani?"

Daktari akachuchumaa ili walingane. Alikuwa na sauti nzuri yule kijana. "Mama, niambie tu, hakuna atakayekugombeza. Mahindi gani?"

"Ya mbegu. Niliyaosha mara nyingi mpaka maji yakawa meupe."

"Mmeanza kuyala lini?"

"Siku nyingi. Kidogo kidogo. Juzi yalikuwa peke yake, mengine yameisha. Mimi nilionja tu, nikamwachia yeye."

"Na ya kula, baba hakuwaachia?"

"Alituachia."

"Yalikwenda wapi?"

"Nilipeleka shule."

Hakunitazama aliposema hivyo. Daktari ndiye aliyenitazama, halafu akarudi kwa mgonjwa kwa sababu alikuwa na kazi. Mimi niliegemea ukuta. Nililiona lile kopo. Niliona mikono yake miwili ikilipokea. Nilimwambia arudi nazo kwao, na tangu siku ile mpaka leo sikuwahi kujiuliza huko kwao zingefanywa nini. Nilijua ni sumu. Nilikuwa mtu pekee mahali pale aliyejua kwa hakika, nikaiondoa kwenye sufuria la shule nikamkabidhi mtoto mwenye njaa aende nayo nyumbani. Tena nikaagiza alete nzuri badala yake.

Walihangaika naye kwa sindano na mipira. Asma aliniomba ruhusa ya kwenda kukojoa, kama yuko darasani. Alipokuwa ametoka, Abdulhamid alikata roho. Nilipewa mimi kazi ya kumwambia, na nilimwambia vibaya, sikumbuki hata maneno.

Bibi hakuna. Asma amekiri njiani tukirudi. Alimtaja kwa sababu mwaka juzi kuna watoto walisema wako peke yao, mwalimu wao akawasema mstarini.

Jumatano, 26 Februari

Mfanyabiashara mmoja wa korosho alipiga simu Nalasi, wazazi wakapata lori usiku, wamefika asubuhi wakiwa na matope mpaka viunoni kwa kulisukuma. Abdulhamid amezikwa baada ya sala ya adhuhuri. Mvua ilikatika kwa muda ule tu.

Nilikaa na wanawake ndani, kwenye mkeka, nimejifunga khanga ya kuazima kichwani. Chumba ni kimoja na sebule. Kwenye kona kuna kinu, na juu ya kinu kuna ungo. Nikashindwa kutazama upande ule.

Mama yao anaitwa Biasha. Ni mwanamke mdogo kwa umri, pengine mimi namzidi. Aliletwa kwangu akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili, nikajua sasa amekwishaambiwa, sasa atanitemea mate, na nilikuwa radhi. Akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu, wamenieleza. Wewe ndiye uliyembeba mwanangu mpaka hospitali. Mwenyezi Mungu akulipe."

Nikafungua mdomo. Wanawake wakaanza kulia upya, yeye akaangukia begani kwangu, na maneno yangu yakabaki pale pale. Ndiyo, ningeweza kuyasema hata hivyo. Nimeyaacha.

Alhamisi, 27 Februari

Mwalimu Hironimus amefuta mistari. Hakuitisha kikao, hakuniuliza. Saa nne alisimama mwenyewe kwenye sufuria na kusema, "Anayekuja na kikombe anapakuliwa." Wale wa uzioni walichelewa kusogea, wakawa wananitazama mimi. Ilibidi niingie darasani ili waende.

Nilidhani mtu huyu hana uti wa mgongo. Kumbe ana miaka thelathini ya kuona Februari za huku.

Brigita hanisemi. Natamani angenisema.

Jumamosi, 1 Machi

Biasha amekuja nyumbani kwangu na Asma. Alikataa kiti, akakaa kizingitini. Hodi ya huku inachukua muda mrefu, tulisalimiana mpaka kwa wajukuu ambao hakuna mwenye nao. Kisha akasema lililomleta. Lazima warudi Nalasi. Wasiporudi kupalilia hawana chakula cha mwaka mzima, na msiba umekula hata kile kilichokuwepo. Mume wake anataka kumchukua Asma waende naye.

"Akienda, shule basi, mwalimu. Kule kwenye shamba letu hakuna shule ya karibu. Baba yake anasema hatoacha mtoto tena peke yake, na mimi siwezi kumbishia. Nimemwambia, je, akikaa kwa mwalimu wake? Akasema kwa huyo mwalimu aliyembeba Abdulhamid, sawa, huyo namwamini. Kwa mwingine hapana."

Asma alikuwa anatazama sakafu.

Nikasema akae. Mungu anisamehe, nilifurahi, nikaona nimepata pa kulipia. Hapo pia nilikuwa na nafasi ya kusema, mlango umefungwa, tuko watatu tu. Nikajiambia nitasema mbele ya wote, kwa mtendaji wa kata, ambako wazazi na sisi wa shule tumeitwa Jumanne.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeanza jana. Mwalimu mkuu aliniita baada ya vipindi, akafunga dirisha ambalo huwa halifungwi.

"Kesho mtendaji atataka kujua kwa nini mtoto alikufa. Wazazi waliondoka, watoto wakakosa uangalizi. Hiyo inatosha, na ni kweli."

"Siyo kweli yote, mkuu."

"Ni kweli ya kutosha. Mambo ya makopo usiyalete. Wewe ni mwalimu mzuri, Tumsifu. Ukijiharibia, mtoto hatafufuka, na watoto hawa watapata nani? Nani anataka kuja huku?"

Alisema kwa upole ule ule anaoutumia kwa choo na bati. Nikagundua kwamba upole wa namna hii unaweza kufunika kitu chochote. Nikamwambia tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya kata ina mabenchi mawili. Mtendaji, bwana Isidori, alikaa mezani, mwalimu mkuu na mimi benchi moja, Hamisi, Biasha na Asma benchi la pili. Hamisi ni mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa iliyopasuka, kofia yake nyeupe imefuliwa upya. Alikuwa anajibu kila swali kwa kusimama.

Isidori alimsomea kosa lake, kwamba ameacha watoto bila uangalizi, kwamba anaweza kupelekwa mahakamani yeye na mke wake. Hamisi akasema, "Ndiyo, bwana. Niliwaacha." Isidori akamuuliza kama aliwaachia chakula. Akasema aliacha gunia moja, alipiga hesabu likatosha mpaka Aprili. Isidori akacheka kwa pua. "Gunia zima? Limekwenda wapi? Watoto wawili hawamalizi gunia mwezi wa pili."

Hamisi akamtazama mkewe. Walikuwa wanaonekana waongo, watu wawili ambao hawajasema uongo hata mmoja.

Nikasimama. Mwalimu Hironimus alinivuta sketi, nikaendelea kusimama.

"Limekwenda shuleni," nikasema. "Kila Jumatatu nilimtaka Asma alete kopo, na kama hana, hanywi uji yeye wala mdogo wake. Na kopo lenyewe la kilo, kwa watoto wawili nikaanza kumwambia ajaze mpaka juu. Siku moja alileta zile mbegu. Niliona zina dawa. Badala ya kuzimwaga nikamrudishia aende nazo nyumbani, nikamwambia alete mahindi ya kula. Alileta ya kula. Wao wakala zile."

Nje mtu alikuwa anapiga jembe kwenye jiwe kulikaza mpini.

Isidori akaweka kalamu chini. "Mwalimu, kopo la Jumatatu halimalizi gunia."

"Halimalizi, lakini ndilo lililowatia hofu. Muulize mtoto. Huenda alikuwa analitunza ili asikose la Jumatatu, huenda waliibiwa, sijui. Ninachojua, mahindi meupe niliyapokea mimi, na mbegu nilizirudisha mimi."

Isidori akamgeukia Asma. "Binti, ni kweli? Mwalimu alikurudishia mbegu?"

Asma alisimama kama baba yake. Alinitazama, na ilikuwa mara ya kwanza ananitazama machoni tangu hospitali.

"Hapana," akasema.

"Hakukurudishia?"

"Hapana. Nilizichukua mwenyewe ndani. Mahindi mengine niliwauzia watu, nikanunua daftari na sabuni."

Biasha akajifunika uso kwa khanga. Hamisi akatoa kofia, akaikunja, akaishika mkononi. Halafu akaniambia mimi, si mtendaji, kwa sauti ya chini ya mtu anayemstahi mwenzake.

"Mwalimu, wewe una huruma. Unataka kutubebea. Lakini shule haiwezi kumnyang'anya mtoto chakula, mimi mwenyewe nimesoma shule, najua. Sisi ndio tuliomwacha. Usijitie kwenye dhambi ya uongo kwa ajili yetu, na mwezi wenyewe ni huu."

Nikasema tena. Nikasema kwa sauti, ile sauti yangu. Isidori aliniambia nikae, akasema msiba umenichanganya na anaelewa. Mwalimu Hironimus akasema ni kweli, sijalala tangu wiki iliyopita. Hamisi na Biasha wameonywa kwa maandishi na kuachiwa. Hamisi alinipa mkono mlangoni. Kesho wanaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Brigita kaniletea likolo kwenye bakuli, mboga ya majani ya kwao, kaifunika kwa sahani. "La binti," akasema, akaondoka kabla sijashukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Asma ni wa kwanza kwenye jaribio la hisabati. Anaamka kabla yangu, anafagia, anachota maji, anapasi sare yake na nguo yangu ya kazi. Hazungumzi ila akiulizwa. Nimemwambia asipasi yangu. Amepasi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekuwa nikilizunguka jambo hili wiki nzima, leo nimelisema.

Alikuwa anafuturu. Nilimpikia uji wa mchele na viazi, nikakaa naye mkekani ingawa mimi sikufunga. Adhana ilikuwa imekwisha, mvua imetulia. Alikunywa taratibu, akipuliza.

"Asma."

"Abee, mwalimu."

"Siku ile kwa mtendaji, nilisema kweli."

"Ndiyo."

"Na wewe hukuuza mahindi."

"Sikuuza. Panya walikula, na mvua iliingia ndani, mengine yakaoza. Niliogopa baba atasema sikuangalia."

"Kwa nini basi ulisema hapana? Wazazi wako wametoka pale wanadhani wewe ndiye mwenye makosa. Mama yako amelia kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa tayari kubeba, Asma, nilikuwa nataka kubeba."

Aliweka kijiko chini. Nilikuwa nangoja alie, au anitupie uji usoni, na lolote kati ya hayo lingenipa nafuu. Alifikiri kwanza, kama anavyofanya ubaoni kabla ya kuandika jibu.

"Ningesema ndiyo, baba asingeniacha kwako," akasema. "Angenichukua Nalasi. Na mimi nataka kusoma."

Kisha akaangalia ndani ya bakuli lake, akaniuliza kama uji bado upo. Nikamwambia upo, nikainuka nikamjazia.